Usiseme "Ni Kweli" kwa Kuchoka

Sogea karibu, mdogo wangu wa bodaboda, tuongee hili la kortini. Najua lilivyo. Polisi wamekusimamisha pale Emali au Kibwezi, umetoa dhamana, umeambiwa ufike mahakamani Jumatatu, na tangu siku hiyo usingizi umekuhama. Halafu anatokea mjuaji mmoja anakunong'oneza: "Sema tu ni kweli, ulipe faini uende zako." Nawe, kwa kuchoka, unakubali, ilhali moyoni unajua hukukosa.

Sikulaumu. Kizimba kinatisha, hasa pikipiki ikiwa kituoni na watoto wanangoja unga. Lakini nisikilize. Ukishasema "ni kweli" na ukahukumiwa, huwezi tena kukata rufaa kupinga hatia. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 348, inakuachia kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Kama ulikosa, kubali, omba msamaha, lipa. Mimi sikufundishi kudanganya. Ila kama hukukosa, sema "si kweli", basi. Hadithi yako ina siku yake.

Na usiitikie jambo usilolielewa. Wangapi wamesema ndiyo kwa sababu karani alisoma mbio na wao wakaona haya kuuliza? Kama Kiingereza na Kiswahili cha kortini vinakushinda, inua mkono useme, "Mheshimiwa, naomba nisomewe kwa Kikamba." Ibara ya 50 ya Katiba inakupa mkalimani bila malipo. Tena tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, mshtakiwa akikubali kosa kisha akapinga maelezo yanayosomwa, hakimu anapaswa kubadilisha jibu lake liwe la kukana. Kwa hiyo ukisikia wanasoma kwamba ulikuwa na abiria wawili na wewe ulimbeba mmoja, usimeze mate. Sema papo hapo.

Sasa, karatasi ya dhamana isome vizuri, maana mahakama ya Makindu si ya Wote, na ya Mutomo si ya Kitui mjini. Asiyekuwepo na lake halipo: ukikosa kufika, unaweza kutolewa hati ya kukamatwa na dhamana yako ikapotea. Amka mapema, mdogo wangu. Vaa nguo safi, zima simu. Omba pia nakala ya mashtaka na maelezo ya mashahidi kabla ya siku ya kusikilizwa, ni haki yako kuvisoma.

Wengi wenu mnaponzwa na hasira. Afisa akimaliza kutoa ushahidi, unaambiwa umuulize maswali, nawe unaanza kuhutubia: "Huyu ananionea, hawa ni walewale!" Hakimu anabaki na kelele, hana la kuandika. Wewe uliza. Ulikuwa umesimama wapi? Kipimo kilisoma kilomita ngapi? Picha iko wapi? Ukishtakiwa kwa mwendo wa kasi, makadirio ya macho ya shahidi mmoja peke yake hayatoshi kukutia hatiani, na swali fupi la utulivu ndilo litakaloliweka hilo wazi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Ukikutwa na kesi ya kujibu, utachagua: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuulizwa maswali, kusema bila kiapo usiulizwe, au kunyamaza. Ukweli wako ukiwa umenyooka, mimi ningekushauri uape, kwa kuwa maneno yaliyohojiwa yakasimama huwa na uzito. Eleza kwa mpangilio: saa ngapi, ulitoka wapi, nani alikuwepo. Yule mama wa mboga aliyeona yote, mwite awe shahidi, na tarehe umwambie mapema, sio usiku wa kuamkia kesi.

Na wa kukuomba "kitu" ili faili ipotee, mkimbie. Atakula pesa zako, na faili itaitwa vilevile, ukiwa umejiongezea kosa la pili, zito kuliko la kwanza.

Ukishindwa, usilie ukaondoka kimya. Una siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, nayo iko Kitui na Makueni. Ukiachiliwa, usitoke mbio kwa furaha kabla hujauliza utaratibu wa kurudishiwa dhamana yako. Watakudai risiti, ile ambayo najua umeikunja ukaisahau mfukoni mwa suruali inayongoja kufuliwa. Itoe leo.