Istilahi za Pembetatu na Uainishaji Wake Darasani: Mfano wa Rangwi, Lushoto

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna istilahi za Kiswahili zinavyomwongoza, na pengine kumpotosha, mwanafunzi wa shule ya msingi anayejifunza kuainisha pembetatu. Rangwi, kata ya milimani katika Wilaya ya Lushoto, imechukuliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, Kisambaa ndiyo lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa huko, nacho Kiswahili cha vitabuni ni cha kujifunza shuleni. Pili, kilimo cha miteremko kina kifaa ambacho chenyewe ni somo la jometri.

2.0 Istilahi zenyewe

Istilahi tatu zilizozoeleka ni pembetatu sawa, pembetatu pacha na pembetatu mraba. Kwa umbo zinafanana: nomino pembetatu hufuatwa na neno lisilochukua kiambishi cha upatanisho. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Sarufi haimwambii mwanafunzi kwamba sawa na pacha yanahusu pande, ilhali mraba linahusu pembe. Vigezo viwili vimevikwa vazi moja, na aina hizo huonekana kama masanduku matatu ambayo kila pembetatu haina budi kuingia katika moja tu. Lakini karatasi ya mraba ikikunjwa kutoka kona hadi kona hutoa pembetatu iliyo pacha na mraba kwa pamoja. Mwanafunzi aliyetaja jina lolote kati ya hayo mawili hastahili kuandikiwa kosa.

Neno mraba ndilo gumu zaidi. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi ule ule wa neno la lugha hiyo lenye maana ya nne. Mtoto anayeuliza umbo la pembe tatu linawezaje kuwa mraba anauliza swali halali la kiisimu, ingawa hajui kuwa ni la kiisimu. Jina hilo limepitia istilahi nyingine, pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90 kama zile za mraba, kisha kiungo hicho kikadondoshwa. Usemi mrefu zaidi, "pembetatu yenye pembe mraba", unakirudisha. Bila hicho mtoto huweza kudhani kuwa pembetatu mraba ni nusu ya mraba tu, akaikataa ile ya fundi mwashi anayehakiki kona ya msingi kwa kamba ya futi 3, 4 na 5.

Pacha lina mjadala wa zamani. Euklidi, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliliweka jina la aina hii kwa pembetatu yenye pande mbili tu zilizo sawa. Wanahisabati wa leo kwa kawaida huiingiza humo na pembetatu sawa. Baadhi ya walimu huona kuwa neno pacha linawabana wafuate Euklidi. Si kweli: Kiswahili kina mapacha watatu, na wawili wowote kati yao ni pacha.

Pembe kali na pembe butu hazina utata mkubwa, kwani picha ya kisu inatosha.

3.0 Kifaa cha mteremkoni

Mwaka 1957 Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof waliwasilisha tasnifu zao huko Utrecht, Uholanzi. Kwa mujibu wa nadharia yao, mtoto hulitambua umbo kwanza kwa sura yake nzima, kisha kwa sifa zake, na baadaye kwa uhusiano wa sifa hizo. Katika hatua ya kwanza, pembetatu pacha iliyochorwa ubaoni ikiwa imekaa wima huitwa pacha. Ikiinamishwa, hupoteza jina lake.

Kipimio cha umbo la A, kitumikacho kuchora mistari ya kontua shambani, kinalitibu kosa hili. Miti miwili yenye urefu sawa hufungwa pamoja juu. Mti wa tatu hukingamishwa kwa umbali ulio sawa kutoka kileleni. Uzi wenye jiwe huning'inizwa hapo juu. Miguu ikiwa katika kimo kimoja, uzi hupita katikati ya mti wa kukingama. Mguu mmoja ukishuka bondeni, uzi huhama, lakini pande hazijabadilika: kipimio kimeinama na bado ni pembetatu pacha. Mwalimu awaache wanafunzi wapime pande kwa kamba kabla na baada ya kukiinamisha, kisha waseme kwa sentensi nzima, si kwa jina tu, kilichobaki na kilichobadilika.

Baada ya hapo mguu mmoja ukatwe kidogo. Kwa macho umbo ni lile lile, nao wanafunzi wengi wataendelea kuliita pacha. Lakini katikati ya mti wa kukingama haionyeshi tena usawa, na kingamaji litakalochimbwa kwa kukifuata kipimio hicho litakuwa na mwinamo ambao mvua ya kwanza kubwa itaugundua kabla ya mkulima.