Kuisoma 475,716 bila kikokotoo

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 475,716 mjini Eldoret. Wengi huisoma nambari kama hiyo na kupita. Ila mwenye daftari la duka, la maziwa au la mahindi atafaidika sana akijua kuihoji.

Anzia mwishoni. Tarakimu ya mwisho ni 6, basi nambari ni shufwa. Mbili za mwisho ni 16, nazo zinagawanyika kwa 4. Hilo latosha, kwa kuwa kila mia hugawanyika kwa 4. Sasa jumlisha tarakimu zote: 4+7+5+7+1+6 ni 30. Thelathini hugawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, na nambari nzima ni vivyo hivyo. Inayogawanyika kwa 3 na kwa 4 hugawanyika kwa 12 pia, na hapa jibu ni 39,643, yaani 29 mara 1,367. Hizo mbili ni tasa, haziendi mbele zaidi. Basi 475,716 ni 2×2×3×29×1,367.

Lakini katika yote hayo, la kushika ni habari ya 9. Kumi ni 9 na 1, mia ni 99 na 1, elfu ni 999 na 1. Ukiziondoa tisa zote, kila tarakimu hubaki peke yake. Ndiyo sababu nambari na jumla ya tarakimu zake huacha baki lilelile zikigawanywa kwa 9.

Mkulima wa Uasin Gishu anayeuza mahindi kwa magunia ya kilo 90 aitumie hivi: uzito wa magunia kamili lazima uishie na 0, na jumla ya tarakimu zake igawanyike kwa 9. Kilo 28,350 zinapita: 2+8+3+5+0 ni 18, nayo ni magunia 315. Kilo 28,530 pia zinapita, kwa hiyo kipimo hiki hakigundui tarakimu zilizopishana. Kinakamata makosa mengine mengi, si yote.

Kwa zilizopishana kuna njia nyingine, nami naiona bora kuliko zote. Karani akiandika 475,176 badala ya 475,716, tofauti ni 540, yaani 9 mara 60. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, popote zilipo, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Ndivyo ilivyo pia sufuri ikisahauliwa mwishoni: 4,500 ikiandikwa 450, tofauti ni 4,050.

Kwa hiyo hesabu zako zikikataa kulingana jioni, usianze kujumlisha upya. Gawanya tofauti kwa 9 kwanza. Isipobakisha kitu, tafuta tarakimu zilizopishana au sufuri iliyopotea.