Kutoka Takwimu Hadi Uamuzi: Kuandaa na Kutoa Wasilisho Kazini

Katika hospitali, vituo vya afya na ofisi za halmashauri zilizopo kandokando ya Ziwa Victoria, siku nyingi za kazi huanza kwa mtu mmoja kusimama mbele ya wenzake. Muuguzi aliyekesha zamu hueleza hali ya wagonjwa, mratibu wa chanjo huonesha kata zilizobaki nyuma, na mfamasia hutaja dawa zinazokaribia kwisha. Katika dakika hizo chache huamuliwa mgonjwa wa kuangaliwa kwanza, shehena ya kupelekwa visiwani na kifungu cha bajeti kitakachopewa fedha. Wasilisho lisipoeleweka, anayeumia mara nyingi si mtoa mada bali mgonjwa ambaye hakuwamo ukumbini.

Somo hili linaeleza namna ya kuandaa na kutoa wasilisho la kazini kwa kutumia utafiti mmoja uliofanyika mkoani Mwanza. Baada ya kulisoma, mtumishi wa afya ataweza kutaja uamuzi anaoutafuta kabla ya kuandaa slaidi, kueleza takwimu bila kupotosha, na kujibu maswali kwa uaminifu.

Kielelezo: utafiti wa Mwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walifuatilia watu wazima katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, zilizopangwa katika jozi 6. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa huduma za magonjwa ya ngono kupitia vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo. Watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilihakikishwa, usimamizi ulifanyika mara kwa mara, na wananchi walihimizwa kutafuta tiba mapema. Jamii ya pili iliendelea na huduma za kawaida.

Miaka 2 baadaye, watu ambao hawakuwa na virusi vya UKIMWI (VVU) mwanzoni mwa utafiti walipimwa tena. Katika jamii zilizoboreshewa huduma, 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa. Katika jamii za kulinganishia, walioambukizwa walikuwa 82 kati ya 4,400. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet, nayo yaliathiri mijadala ya kuzuia VVU katika nchi nyingi.

Matokeo hayo yanaweza kusemwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni kwamba maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40, baada ya kuzingatia tofauti za awali kati ya jamii hizo. Ya pili ni kwamba walioambukizwa walikuwa asilimia 1.2 upande mmoja na asilimia 1.9 upande wa pili. Ya tatu ni kwamba, katika kila watu wazima 1,000 waliofuatiliwa kwa miaka 2, walioambukizwa walikuwa takriban 12 palipoboreshwa huduma na 19 pasipoboreshwa.

Kauli zote tatu ni za kweli, lakini hazisikiki sawa. Anayesikia ya kwanza pekee anaweza kudhani kwamba watu 40 katika kila 100 waliokolewa. Anayesikia ya pili huona tofauti ndogo, pengine akajiuliza kama inastahili gharama. Ya tatu humwonesha watu wenyewe: katika kijiji chenye watu wazima 1,000, watu 7 hawakupata maambukizi ambayo wangeyapata. Mtoa mada makini huanza na kauli ya tatu, kisha huongeza ya kwanza na kuifafanua. Kila takwimu anayoitaja huambatana na majibu ya maswali matatu: kati ya wangapi, katika muda gani, na wapi?

Maandalizi huanza na uamuzi

Kosa la kawaida ni kufungua kompyuta na kuanza kupanga slaidi kabla ya kujua kinachotafutwa. Kabla ya hatua hiyo, mtoa mada aandike sentensi moja inayojibu swali hili: baada ya kikao, nani afanye nini, na lini? Akishindwa kuiandika, bado hajawa tayari kuzungumza.

Chukulia mfano wa muuguzi mfawidhi wa zahanati ya kisiwani anayekwenda mbele ya timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri. Akiliita wasilisho lake “Hali ya Magonjwa ya Ngono, Robo ya Pili”, wajumbe watasikiliza, watamshukuru, kisha wataendelea na ajenda inayofuata. Akiliita “Dawa za Magonjwa ya Ngono Ziagizwe Kabla ya Akiba Kwisha”, kila mjumbe atajua tangu mwanzo anachoombwa kuamua.

Mpangilio wa kumsaidia ni ule wenye sehemu nne: hali, historia, tathmini na pendekezo. Mbinu hii ilianzia katika jeshi la majini la Marekani, kisha ikaingia hospitalini kwa ajili ya mawasiliano ya zamu na ya dharura. Kwa muuguzi huyo, *hali* ni kwamba dawa zilizopo hazitafika mwisho wa mwezi. *Historia* ni kwamba akiba ilikatika pia robo iliyopita, na wagonjwa wakarudi nyumbani bila tiba. *Tathmini* ni kwamba oda hutumwa ikiwa imechelewa, wakati usafiri wa majini hautabiriki. *Pendekezo* ni oda itumwe wiki mbili mapema, na mfamasia wa halmashauri aisimamie. Sehemu zote nne zinaweza kusemwa kwa dakika tano.

Ni muhimu pia kuwajua wasikilizaji. Mganga mkuu atataka kujua athari kwa wagonjwa, mhasibu atauliza gharama na kifungu, na mfamasia atauliza idadi na tarehe. Mtoa mada asipojiandaa kwa kila mmoja wao, uamuzi utaahirishwa hadi kikao kingine.

Slaidi na vielelezo

Slaidi ni msaada kwa msikilizaji na haikukusudiwa kuwa daftari la mzungumzaji. Kila slaidi ibebe hoja moja, na kichwa chake kiwe sentensi kamili inayoitaja hoja hiyo. Maandishi yasomeke na aliyeketi nyuma kabisa. Jedwali lenye safu nyingi lifupishwe libaki na namba zinazohusu uamuzi, na mengine yawekwe kwenye kabrasha. Mtoa mada anapoonesha grafu, aeleze kwanza kila mstari unasimama badala ya nini, ndipo atoe tafsiri yake.

Umeme unaweza kukatika na projekta ikagoma. Kwa hiyo ukurasa mmoja uliochapishwa, wenye ombi, takwimu kuu na pendekezo, uandaliwe kwa kila mjumbe. Wasilisho lisiloweza kutolewa bila mashine halijakamilika.

Mbele ya wasikilizaji

Mazoezi yafanywe kwa sauti, saa ikiwa mezani, ikiwezekana mbele ya mwenzake asiyeifahamu mada. Aliyepewa dakika kumi aandae za dakika nane, kwa kuwa vikao huchelewa kuanza na muda hupunguzwa. Salamu na heshima kwa viongozi zina nafasi yake, ila mlolongo mrefu wa vyeo humeza dakika za hoja. Kauli ya kwamba itifaki imezingatiwa hutosha.

Ombi litajwe ndani ya dakika ya kwanza na lirudiwe mwishoni. Mzungumzaji awatazame watu badala ya ukuta, aseme taratibu, na anyamaze kidogo baada ya kutaja namba muhimu ili wasikilizaji waipokee.

Kanuni hizi zinahusu pia mwalo, ambao kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa ndio mahali pa kazi. Huko hakuna projekta, na saa inayofaa hupangwa na ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo ambazo wavuvi wengi huwa na nafasi ya kusikiliza. Mtoa elimu aliyeita mkutano asubuhi, mitumbwi ikiwa ndiyo kwanza inatia nanga, asishangae kukosa watu. Lugha yake nayo iwe ya staha. Kuwataja wavuvi kama wasambazaji wa maradhi huwafunga masikio, na aliyeaibishwa hadharani haji zahanati.

Maswali na mipaka ya ushahidi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mtoa mada aandae orodha ya maswali magumu kabla hajaulizwa. Kwa kielelezo cha Mwanza, swali gumu linatoka magharibi mwa ziwa hilohilo. Katika wilaya ya Rakai, Uganda, watafiti waliwapa watu wazima tiba ya magonjwa ya ngono majumbani, kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 hayakuonesha kupungua kwa maambukizi ya VVU.

Anayeuficha utafiti wa Rakai ili hoja yake ing'are hupoteza imani ya kikao pale mjumbe mmoja anapoutaja. Anayeutaja mwenyewe hupata nafasi ya kueleza tofauti. Mwanza huduma ilipatikana wakati wote kwa mwenye dalili, ilhali Rakai tiba ilitolewa kwa vipindi. Aidha, maambukizi ya VVU yalikuwa yameenea zaidi Rakai. Ni haki pia kukumbusha kwamba tafiti zote mbili zilifanyika kabla ya dawa za kufubaza VVU kupatikana kwa wananchi wengi, hivyo namba zake zisihamishiwe leo bila tahadhari. Swali lisilo na jibu papo hapo lijibiwe kwa kusema, “Sina takwimu hiyo sasa, nitaileta Ijumaa,” na Ijumaa iletwe kweli.

Zoezi

Mtumishi achague taarifa moja aliyowahi kuitoa kazini. Aandike upya kichwa chake kiwe sentensi inayoomba uamuzi, abadilishe kila asilimia iwe idadi ya watu kati ya 100 au 1,000, kisha amsimulie mwenzake kwa dakika tano bila slaidi. Mwenzake akiweza kurudia ombi na takwimu kuu bila kukosea, wasilisho liko tayari. Asipoweza, kinachohitaji kurekebishwa ni wasilisho, si msikilizaji.