Kikapu cha majani ya paini kisimlegelee mteja

Wajasiriamali wa Moro, somo la leo hilo hapo. Zingatia haya:

1. Okota majani ya kahawia yaliyoanguka. Mabichi yakikauka yanasinyaa, mishono inalegea, mteja anarudisha mzigo.

2. Omba ruhusa kwa mwenye shamba la miti. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru usiokote.

3. Loweka kwenye maji ya moto nusu saa yalainike.

4. Pitisha fungu kwenye kipande cha mrija wa soda. Likipwaya, chomeka majani mengine. Unene unabaki uleule.

5. Zungusha kuanzia katikati, shona kwa uzi wa katani. Kila mshono ushike mzunguko uliotangulia.

Kausha kabisa kabla ya kufungasha, la sivyo kitaota ukungu njiani. Andika saa ulizotumia, ndipo upange bei.