SOMO LA ROBO HII: Perege wa Jipe na Vifaranga vya Mabwawa Yetu



Maombi ya mabwawa ya samaki hutufikia mara kwa mara katika ofisi ya miradi. Vikundi vya akina mama na vijana huomba fedha za kuchimba bwawa na kununua vifaranga vya sato. Sababu zao ni nzuri: sato hukua haraka, ana soko, na watoto hupata kitoweo. Lakini kabla ya kupitisha ombi, inatupasa kuuliza maji ya bwawa hilo yanaishia wapi. Somo hili linaeleza kwa nini.

Samaki gani yuko hatarini?

Ziwa Jipe liko mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya milima ya Pare Kaskazini. Maji yake hutoka kwa Mto Ruvu hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huingia Mto Pangani. Huko ndiko makao ya perege wa Jipe, ambaye kitaalamu huitwa Oreochromis jipe. Mwanasayansi Mwingereza Rosemary Lowe alimtambulisha kwa jina hilo la Jipe mwaka 1955. Asili yake ni bonde la Pangani peke yake, na shirika la IUCN limemweka katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sato si mwenyeji wa bonde hili. Aliletwa ili kuongeza samaki. Yeye na perege wa Jipe ni jamaa wa karibu. Kwa wote wawili jike huatamia mayai mdomoni, na wakikutana katika maji mamoja huweza kuzaana. Chotara wakizidi kuzaana na perege wa asili, mbegu ya asili hupungua kizazi hata kizazi. Mvuvi anaweza kuendelea kujaza kapu huku aina yenyewe ikipotea.

Vinasaba vinasaidiaje?

Vinasaba ni maelekezo ya urithi yaliyomo katika chembe hai, ambayo mtoto huyapata kwa baba na kwa mama. Mtafiti hukata kipande kidogo cha pezi na kukihifadhi katika spiriti. Maabara hulinganisha vinasaba vyake na vya samaki halisi wa kila aina. Mwenye alama za pande zote mbili ni chotara.

Utafiti wa wataalamu wa Tanzania na Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta katika bonde la Pangani chotara wa sato na perege wa Jipe. Ulikuta pia kwamba chotara hawawezi kutambuliwa kwa urahisi kwa umbo la mwili na kichwa peke yake. Habari njema ni kwamba chotara walikuwa wachache kuliko samaki halisi. Maana yake, nafasi ya kuokoa bado ipo.

Kwa vipimo hivyo tunaweza:

1. Kujua ni maji gani bado yana samaki halisi, ili yalindwe kwanza.
2. Kuchagua wazazi halisi wa kuzalisha vifaranga vya asili.
3. Kuhakikisha wazazi hao ni wengi na si wa ukoo mmoja, ili kizazi kisidhoofike.

Kipimo hutambua mchanganyiko, lakini hakiwezi kuuondoa ziwani. Kwa hiyo kinga ni kazi yetu.

Kamati ifanye nini?

Wengine husema vifaranga dume tupu havina madhara. Ni kweli kwamba havitazaana bwawani. Lakini dume akitoroka wakati wa masika anaweza kumkuta jike wa asili mtoni. Kwa hiyo, kabla ya kupitisha ombi:

- Tazameni njia ya maji. Bwawa linalofurika kuelekea kijito lisipandwe samaki mgeni.
- Mwoneni Afisa Uvuvi wa wilaya kabla ya kusafirisha vifaranga kutoka bonde moja hadi jingine.
- Msimwage samaki waliobaki mtoni wala ziwani.

Kwa wafadhili wetu tunaomba subira. Kikundi kikishauriwa kuhamisha bwawa, au kuanza na kuku na mboga badala ya samaki, taarifa yetu itaonyesha mabwawa machache. Familia zile bado zinahitaji kipato, nasi hatutaziacha. Lakini uwakili wa uumbaji unahusu pia samaki ambaye hana makao mengine duniani.

Maswali ya kujadili

1. Mabwawa ya usharika wetu yanamwaga maji wapi?
2. Wavuvi wazee wanawakumbuka perege gani wa zamani?
3. Ni mradi gani mwingine ungeleta kipato pale ambapo sato hafai?

Tuleteeni majibu yenu kabla ya robo ijayo. Mungu awabariki.