Mwangwi wa Springi: Fundi Ajibu Wanamuziki wa Muhuru Bay

Bendi ya vijana, kwaya ya kanisa na mpiga nyatiti wa harusini wana haja moja hapa Muhuru Bay: sauti iwe na uhai wa ukumbini hata ikipigwa chini ya turubai. Turubai halirudishi sauti, wala uwanja wa wazi ufuoni. Duka la vyombo vya muziki liko mbali, lakini redio zilizokufa, springi za pazia, betri za sola na mafundi wa bati tunao. Vinatosha kutengeneza kifaa cha mwangwi. Nimechagua maswali yanayoulizwa zaidi. Neno moja lishikwe tangu mwanzo: springi yenyewe ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuizuia isipokee besi, mitikisiko na ngurumo za stima.

Fundi, waya uliojisokota utatoaje sauti ya ukumbi?

Ukipiga makofi ukumbini, sauti hugonga kuta na kurudi mara nyingi kwa nyakati mbalimbali, masikio yakayasikia marudio hayo kama mvumo mmoja unaofifia. Ndani ya springi kuna safari ya namna hiyo. Upande mmoja sauti ya gita hugeuzwa kuwa mtikisiko. Mtikisiko huo hupita kwenye waya mpaka mwisho, sehemu yake ikanaswa na kurudishwa kuwa umeme, sehemu nyingine ikarudi ilikotoka, ikaenda tena na tena mpaka nguvu iishe. Katika matangi ya kiwandani (masanduku ya springi yaliyotengenezwa tayari) ya Type 4, safari moja huchukua takriban milisekunde 33 kwenye springi moja na 41 kwenye nyingine. Hewani, sauti ingekwenda mita 11 hadi 14 kwa muda huo.

Tofauti iko hapa: ndani ya springi, sauti nene na nyembamba haziendi kwa mwendo mmoja, kwa hiyo hazifiki pamoja. Ndiyo sababu ukiigonga hulia "dwiii". Ukumbi hauna mlio huo, lakini wapiga gita waliupenda wenyewe.

Chanzo chake si muziki. Maabara za Bell huko Marekani zilitumia springi kuiga ucheleweshaji wa sauti kwenye simu za masafa marefu. Laurens Hammond akaichukua mbinu hiyo kwa ajili ya kinanda chake. Kampuni ya Fender ikatoa sanduku la mwangwi la kujitegemea mwaka 1961, na mwaka 1963 ikaweka springi ndani ya amplifaya ya Vibroverb.

Kwa nini nihangaike wakati pedali za dijitali zipo?

Kama unazo pesa na pedali inapatikana, nunua, haina ubaya. Faida ya springi ni kwamba kila kiungo unakiona kwa macho, na kikikatika Jumamosi jioni unakirekebisha kabla ya ibada ya Jumapili.

Springi gani inafaa? Nimejaribu ya kalamu haikutoa kitu.

Ya kalamu ni fupi mno, na ya stendi ya pikipiki ni nene mno, haitikisiki kwa nguvu ndogo. Tafuta springi ndefu ya waya mwembamba. Hapa kwetu iliyo karibu zaidi ni springi ya pazia, ile yenye ganda jeupe la plastiki inayouzwa kwa mita.

Kwanza ondoa ganda lote. Ichane plastiki kwa wembe kuanzia mwisho mmoja, kisha uivute kama unayemenya muhogo, ukilinda vidole. Plastiki ikibaki hunyonya sauti, na utapata mlio mfupi uliokufa. Pili, springi hii hutoka dukani mizunguko yake ikiwa imebanana. Kata kipande cha sentimita 12 hivi, ukivute polepole mpaka mizunguko iachane na ibaki imeachana hata ukikilegeza. Mizunguko ikigusana hukwaruza na sauti hupotea humo. Mwisho wa kazi utaishikiza kati ya ndoano mbili ikiwa imenyooka kwa mvuto mdogo tu.

Weka mbili sambamba, moja ikiwa fupi kidogo au imevutwa zaidi. Springi moja hutoa marudio yanayohesabika. Mbili zenye mwendo tofauti hujaziana nafasi, na sauti huwa laini.

Nitaitikisaje springi, na nitaisikiliza kwa nini?

Cha kutikisa ni spika ndogo ya redio, ya omu 8, upana wa sentimita 5 hadi 7. Gundisha kipande cha njiti ya kiberiti katikati ya koni kwa gundi ngumu, ukiache kikauke usiku mzima, kisha funga hapo ndoano ya waya mwembamba ya kushikia springi. Angalia koni kutoka ubavuni: ikiwa imevutwa nje na springi, mvuto umezidi. Koni lazima ibaki mahali pake pa kawaida, la sivyo sauti itapasuka.

Cha kusikiliza ni kisahani cha piezo, kile cha shaba chenye duara jeupe kinachopatikana ndani ya kengele za saa na ving'ora vidogo. Usikigundishe chote kwenye ubao. Kibane ukingo mmoja tu kati ya vipande viwili vya mbao, ukingo wa pili uwe huru, na springi ifungwe kwenye ukingo huo huru. Kwa kuwa kinaweza kupinda, kitatoa umeme mwingi zaidi.

Vyote hivi vikae juu ya ubao mgumu wa sentimita 50, unene sentimita 2 au zaidi. Ubao mwembamba hupeleka mtikisiko wa spika moja kwa moja hadi kwenye piezo bila kupitia springi, na hapo umetengeneza njia ya mkato.

Sakiti ikoje? Mimi najua kulehemu redio tu.

Anayejua redio anaweza hii. Unahitaji chipu mbili: TL072, ambayo ndani yake ina vikuza sauti viwili, na LM386 ya kusukuma spika. Zote hupatikana kwa mafundi wa redio mjini, na Luthuli Avenue jijini Nairobi ni za kawaida kabisa.

Nusu ya kwanza ya TL072 hupokea gita na kuligawa njia mbili. Njia ya kwanza ni sauti kavu, inakwenda moja kwa moja kwenye mchanganyiko. Njia ya pili inapita kwenye kapasita ya nanofaradi 47, kisha poti ya kiloomu 10, halafu LM386 na spika. Kapasita hiyo na poti hupunguza sauti zilizo chini ya hezi 340 hivi. Usiiruke. Uzi mnene wa gita hulia kwa hezi 82, na besi kama hiyo ikiingia kwenye springi huifanya iyumbe na kunguruma bila kuongeza uzuri wowote. Kutoka LM386 kwenda kwenye spika weka kapasita ya mikrofaradi 220, na rezista ya omu 10 ikifuatana na nanofaradi 47 kwenda ardhini ili chipu isilie yenyewe.

Nusu ya pili ya TL072 hupokea piezo. Hapo rezista ya kuingilia iwe megaomu 1, kwa sababu piezo ikiunganishwa kwenye rezista ndogo hupoteza unene wote wa sauti na kubaki na mlio wa bati. Kutoka hapo sauti yenye mwangwi hupita kwenye poti yake na kukutana na sauti kavu. Kwa kuwa unatumia volti za upande mmoja, TL072 ipewe nusu ya volti kwa rezista mbili zinazolingana, na kapasita ya mikrofaradi 10 ya kuituliza.

Stima hapa hukatika. Naweza kutumia betri ya sola?

Ndiyo, na mara nyingi ni bora, maana betri haina ile ngurumo ya hezi 50. Lakini usiunganishe moja kwa moja. Betri ya volti 12 ikiwa kwenye chaji hupanda hadi volti 14 na zaidi, ilhali LM386 ya kawaida imekusudiwa volti 4 hadi 12. Weka chipu ya 7809 katikati, itoe volti 9 tulivu. Weka pia fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, maana waya ukigusana betri ya asidi inaweza kuuchoma. Ukiendesha taa za jukwaa kwa betri hiyohiyo, zima vibadilishi vya umeme vilivyo karibu unapojaribu. Vingi hutoa kelele inayoingia kwenye piezo.

Mimi hupiga nyatiti. Nikigonga pete ya mguuni, springi inapiga kelele kuliko nyuzi. Nifanyeje?

Mzee wangu, hili ndilo jaribio gumu kuliko yote kwa kifaa hiki. Oduong'o, yaani pete hiyo, inapogonga ubao wa nyatiti hutoa pigo fupi lenye nguvu, na springi hulipokea kama imetupwa chini. Kuna njia tatu, na ni vizuri uzifuate zote. Kwanza, hamisha piezo inayonasa sauti ya nyatiti mbali na mahali pete inapogonga, iwe kwenye ngozi karibu na daraja la nyuzi. Pili, kapasita ya nanofaradi 47 niliyoitaja ibadilishwe iwe 22, ili ukataji upande hadi hezi 700 hivi. Nyuzi nene zitabaki kavu, na nyembamba zitapata mwangwi. Tatu, punguza poti ya kusukuma, kisha ongeza ile ya kurudisha. Springi ikisukumwa kidogo hustahimili pigo.

Ndugu zetu wa orutu hawana tatizo hili. Upinde huanza sauti taratibu na kuishikilia, na hakuna ala ninayojua ya hapa kwetu inayoelewana na springi kuliko hiyo.

Tukipandisha sauti, kifaa kinaanza kuvuma chenyewe. Kimeharibika?

Hapana. Sauti ya amplifaya inaitikisa springi, piezo inaisikia, amplifaya inaikuza tena. Usiweke sanduku juu ya spika hata siku moja. Likae pembeni, na ubao wa springi uning'inizwe ndani ya sanduku kwa vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, kila pembe kimoja, ili kishindo cha miguu ya wachezaji kisifike.

Kama mvumo ni mzito na haubadiliki hata ukisogea, hiyo ni ngurumo ya stima. Mwambie fundi wa bati akukunjie kifuniko cha kufunika upande wa piezo, ukiunganishe na ardhi ya sakiti. Waya kutoka piezo uwe mfupi na wa aina yenye ngao.

Mwangwi kiasi gani unafaa kwenye benga?

Kidogo kuliko unavyotamani. Gita la kwanza la benga hukimbia noti mojamoja kwa mtindo wa nyatiti, na kuelekea mwisho wimbo hupamba moto. Mwangwi ukizidi, noti ya kwanza inakuwa bado inalia wakati ya nne imepigwa, na mchezaji hajui mguu auweke wapi. Msikilizeni D.O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka kutoka hapa, akaongoza Shirati Jazz mpaka alipofariki mwaka 2006. Katika rekodi zake kila noti ya gita ina mipaka yake. Anza na poti ya mwangwi kwenye robo. Ukisikia springi kabla ya kusikia gita, rudisha nyuma.

Fundi, mimi ni mwalimu wa kwaya. Kinaweza kutumika kwa sauti za watu?

Kinaweza, Mwalimu, kwa nyimbo za taratibu, na mwimbaji asiyegusisha midomo kwenye maikrofoni. Herufi "p" na "b" hupuliza pumzi inayoigonga springi kama pigo la ngoma. Kwa mahubiri kizime kabisa, maneno yasikike.

Unyevu wa ziwa utaila springi?

Utaila, hasa ikiwa umeshaondoa ganda. Ifute kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya cherehani kisha uikaushe. Mafuta mengi huzima mtikisiko. Sanduku lifungwe vizuri, lisiwekwe usiku kucha kwenye nyumba ya kuhifadhia nyavu. Kutu ikianza kuchubuka, badilisha springi.

Nikipata tangi la kiwandani, nianzie wapi?

Soma namba yake. Kwa mfano 4AB3C1B: 4 ni aina, ndefu ya sentimita 42 hivi yenye springi mbili. A inayofuata ina maana ya omu 8 upande wa kuingia, kwa hiyo LM386 yako inaweza kulisukuma. B ni omu 2,250 upande wa kutoka, na 3 ni mwangwi mrefu, kati ya sekunde 2.75 na 4. Upande wa kutoka ni dhaifu, huhitaji kukuzwa mara 100 au zaidi. Ila ukataji wa besi, tyubu za baiskeli na kifuniko cha bati vyote vinabaki vilevile.

Nitajuaje kasoro ilipo kabla ya kufunga sanduku?

Fuata njia ya sauti kinyumenyume. Gusa piezo kwa ukucha: ikisikika, upande wa kurudisha ni mzima. Gusa springi: ikilia kwa muda, imefungwa vizuri. Kisha punguza sauti kavu mpaka mwisho, peleka muziki kutoka kwenye simu, na usikilize mwangwi peke yake. Ukipasuka, punguza msukumo kwanza kabla ya kulaumu chipu.

Mwisho, muziki ukiendelea, zishike springi zote mbili kwa vidole. Kama sauti inanyamaza, funga sanduku. Kama bado unausikia wimbo, kuna njia nyingine unayopitia: ubao mwembamba, waya wa kuingia unaopakana na wa kutoka, au piezo iliyogusa mbao. Itafute na uizibe, kisha ushike springi tena.