Tarehe Ikishapita: Kununua, Kula au Kutupa?

Pakiti tatu za biskuti kwa bei ya moja, au kopo la maziwa lililopunguzwa bei hadi nusu, ni mambo anayoweza kukutana nayo mlaji yeyote sokoni Mwanga, Ujiji au kwingineko nchini. Akigeuza pakiti huona tarehe imepita wiki mbili, na kwa kuwa fedha ni chache na watoto wanangoja, hujiuliza kama amepata bahati au amewekewa mtego. Katika somo hili tunatenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Moja ni kununua chakula kilichopitwa na tarehe. Jingine ni kula kile ambacho tayari kimo kabatini nyumbani.

Dukani jibu ni fupi: usinunue. Bidhaa iliyokwisha muda wake wa matumizi haipaswi kuwapo rafuni, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini, huiondoa sokoni na kuiteketeza. Lakini hata tukiiacha sheria kando, ipo sababu nyingine. Mtengenezaji anapopiga tarehe huipiga kwa sharti kwamba bidhaa itatunzwa mahali pakavu, penye ubaridi na pasipo jua. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na barabara nayo si fupi. Katoni hulala katika ghala hili na lile, kisha nyingine hupakiwa kwenye boti kwenda Buhingu na Kalya, zikipigwa jua siku nzima. Joto hupunguza umri wa chakula bila kubadilisha namba zilizoandikwa kwenye pakiti. Kwa hiyo bidhaa ambayo tarehe yake imeshapita huku kwetu huenda imechoka kuliko inavyoonyesha, na mnunuzi hana njia ya kujua ilikopita. Punguzo la bei hapo ni hasara ya mwenye duka inayohamishiwa mfukoni mwako.

Isome tarehe kabla ya kulipa. Herufi MFG huonyesha siku ya kutengenezwa, na EXP huonyesha mwisho wa matumizi. Maneno BEST BEFORE yana maana nyingine: hadi siku hiyo mtengenezaji anadhamini ladha na ubora wa bidhaa, mradi imetunzwa inavyotakiwa. Bidhaa zinazotoka Burundi na Kongo huandikwa Kifaransa. Humo neno la kutafutwa ni « préférence », lenye maana hiyo hiyo ya ubora. Angalia pia mpangilio wa namba, kwa maana 05/08 kwa mtengenezaji mmoja ni tarehe tano Agosti, na kwa mwingine ni tarehe nane Mei. Tarehe iliyokwanguliwa, au iliyobandikwa karatasi mpya juu ya ile ya awali, ihesabiwe kuwa tarehe iliyopita.

Nyumbani mambo ni tofauti, kwa sababu wewe mwenyewe unajua chakula kilikaa wapi. Hatuoni haja ya kumwambia mama mwenye kilo mbili za mchele au tambi azitupe kwa kuwa siku ya ubora imepita mwezi uliopita. Zikiwa kavu, hazina wadudu wala ukungu, na mfuko haujatoboka, zinalika. Sukari haiozi ikikaa pakavu. Chumvi vilevile, iwe ya Uvinza au ya baharini, lakini ile iliyotiwa madini joto huyapoteza kidogo kidogo ikiachwa wazi, juani au penye unyevu. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga hayaingii kabisa katika uvumilivu huo. Virutubisho vyake hupungua kadiri muda unavyopita, na mtoto asiyekula kitu kingine hana pa kuvipata. Tarehe ikipita, yasitumike hata siku moja. Vyakula vinavyotakiwa kukaa kwenye jokofu, kama mtindi na soseji, navyo visiliwe baada ya mwisho wa matumizi. Na pale umeme ulipokatika kwa saa nyingi, usiitegemee tarehe yoyote. Kopo lililovimba litupwe bila kufunguliwa. Kuna desturi ya kuonja kidogo ili kuhakikisha: tunaomba iachwe, kwa sababu baadhi ya vimelea na sumu havibadilishi ladha wala harufu.

Unga na karanga vinahitaji tahadhari ya pekee. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu huweza kutoa sumukuvu, ambayo haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chakula chao kilikuwa mahindi ya kawaida ya nyumbani, yasiyo na tarehe yoyote. Unga wa lishe wa mtoto, ambao aghalabu huchanganywa mahindi na karanga, ununuliwe kidogo kidogo. Ukiwa na harufu ya uvundo, usimpe mtoto wala kuku.

Hapa tunafikia chakula ambacho wakazi wa mwambao hula zaidi, nacho hakina lebo. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kufika Kibirizi na mialo mingine alfajiri. Kwa dagaa wabichi na migebuka wasio na barafu, hesabu si ya siku bali ya saa. Anayenunua alasiri aulize samaki wamekaa wapi tangu asubuhi. Dagaa wakavu wazuri hung'aa rangi ya fedha, huvunjika wakikunjwa, na hunukia samaki. Wakiwa wamenywea na kuwa wa manjano, wakipindika kama ngozi au wakitoa harufu inayochoma pua, waache. Samaki walioanza kuoza kabla ya kukauka huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kukaangwa, na dalili zake ni uso kuwasha na kuwa mwekundu, kichwa kuuma na mdomo kufa ganzi. Hatari huzidi wakati wa mvua, kwa sababu dagaa hukawia kukauka. Wa kichanja ni bora kuliko wa mchangani, na si kwa sababu ya mchanga mdomoni tu: hewa hupita juu na chini, hivyo hukauka upesi.

Muulize pia muuzaji dagaa walianikwa lini. Mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Aliyeambiwa mwezi Julai kwamba dagaa wetu ni wa juzi alikuwa na haki ya kushangaa. Mawese nayo yapimwe kwa pua na koo. Yakikwaruza koo, yamezeeka, hata kama rangi bado ni nyekundu ya kupendeza.

Ukigundua nyumbani kwamba ulichonunua kilikuwa kimeshapitwa na tarehe siku ya kununua, usikitupe. Kirudishe pamoja na risiti, udai fedha au bidhaa nyingine. Akikataa mwenye duka, piga picha ya pakiti, tarehe ikionekana, kisha toa taarifa TBS au kwa afisa afya wa kata. Kama mtu ameshakula na anatapika au kuharisha, mpeleke kituo cha afya, nawe uchukue pakiti na mabaki ya chakula hicho.